UZI: Kupima pistoni imetokeza kiasi gani juu ya bloki bila dayo geji (3L)

ShakiYaRongai:
Wadau salamu. Niko na HiAce ile shaki, injini 3L, inapiga ruti ya Rongai. Bloki imetoka kwa watu wa mashini juzi, wameipiga fesi (wameusaga uso wake) juu kidogo kwa sababu ilikuwa imekulwa na maji katikati ya silinda ya pili na ya tatu. Ukiuliza wametoa kiasi gani unaambiwa "kidogo tu". Sasa nimefika Grogan kwa duka la spea kununua gasketi ya hedi jamaa ananiuliza nataka B, D ama F. Fundi wangu anasema chukua yoyote zote ni moja, fundi wa jirani anasema chukua ile nene kabisa. Nimeshaambiwa jibu liko kwa pistoni, eti upime venye zinatokeza juu ya bloki zikifika juu kabisa. Sina dayo geji (ile saa ya kupimia yenye mshale) na fundi wangu pia hana. Tuko na fila geji (zile ndimi nyembamba za chuma za kupimia mapengo), venia ya Kichina, rula ya chuma ya futi moja, drili na mashini ya kuchomelea. Kuna njia ya kupima hii kitu vizuri na hivi vitu ama nitafute tu pesa ya kununua geji?

Mzee_Kimya:
Weka F ulale. Nene haijawahi kugonga mtu.

KijanaWaGrogan:
@Mzee_Kimya haijagonga lakini asubuhi ya mwezi wa saba kule Limuru utaimba nyimbo zote ukingoja iwake, na ikiwaka inatoa moshi mweupe mpaka majirani watoke nje.

FundiWaKario:
Boss uliyeanzisha uzi, huyo muuza spea anajua kazi yake, wengi hawaulizi hata. Wacha nieleze vizuri juu naona hii swali inarudi kila wakati na watu wanajibu kwa mkato.

Kwa dizeli hizi za Toyota pistoni ikifika juu haibaki sawa na uso wa bloki, inatokeza. Halafu gasketi ndio inaweka ile nafasi kati ya kichwa cha pistoni na hedi. Kwa sababu kila bloki na kila konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inatoka kiwandani na tofauti ndogo, Toyota wakatengeneza gasketi za unene tofauti na kuzipiga herufi. Kwa 2L na 3L iko hivi: pistoni ikitokeza 0.68 mpaka 0.77 mm unatumia B, ambayo unene wake ni 1.40 mpaka 1.50. Ikitokeza 0.78 mpaka 0.87 unatumia D, hiyo ni 1.50 mpaka 1.60. Na 0.88 mpaka 0.97 ni F, 1.60 mpaka 1.70. Ukiona vizuri kila herufi inaongeza sehemu moja ya kumi ya milimita, basi. Hiyo ndio vita yote.

Sasa wewe bloki yako imepigwa fesi. Wakitoa 0.10 pekee tayari umeruka herufi moja mzima. Wakitoa 0.20 umeruka mbili, na kama ilikuwa D kutoka mwanzo umepita hata F, hapo hakuna gasketi ya Toyota itakuokoa, itabidi pistoni ziguswe ama utafute bloki ingine. Ndio maana hilo neno lao "kidogo tu" halina maana yoyote mpaka upime mwenyewe.

Na pima pistoni zote nne, ile iko juu kuliko zote ndio inachagua gasketi. Usitafute wastani. Hedi haijui wastani, inajua ile inayoigonga.

Kwa injini zingine za dizeli za Toyota kama 5L na 1KZ fungua kitabu chake, usibebe hizi namba zangu uzipeleke huko.

ShakiYaRongai:
Asante sana fundi, hapo nimeelewa kwa nini. Sasa kupima ndio shida. Nimejaribu kuweka rula juu ya pistoni nipitishe fila geji kati ya rula na bloki lakini rula inabembea kama mizani, upande huu inasoma kingine upande ule kingine.

TanaMstaafu:
Kijana, rula haiwezi kukaa juu ya pistoni na ikakupa ukweli. Pistoni yenyewe inacheza, na rula ya futi ni nyembamba inapinda hata kwa kidole. Geuza hesabu. Badala ya kuweka chuma juu ya pistoni, weka chuma juu ya bloki, lakini kiinue kwanza kipite juu ya pistoni bila kuigusa.

Tunafanya hivi. Tafuta chuma kilichonyooka kweli, kinene, kama inchi moja hivi kwenda juu ili kisipinde. Gikomba kwa wauza vyuma vikuukuu utapata kisu cha mashini ya randa ama kile cha kukatia karatasi kwa wachapishaji, vile vimesagwa vikanyooka kuliko rula yoyote. Kukipima kama kimenyooka nenda kwa muuza vioo, mwombe akuonyeshe kioo kinene, simamisha ukingo wa chuma juu ya kioo na tochi nyuma. Mwanga usipite. Kisha kigeuze mwisho kwa mwisho, angalia tena.

Sasa unahitaji vitu viwili vya unene sawa kabisa vya kuweka chini ya hicho chuma, kimoja kila upande wa silinda, vikae juu ya bloki. Hapa watu wanapoteza akili wanatafuta vipande vya bati. Nunua fila geji mbili za aina moja, zile rahisi tu, fungua skrubu zake, toa ulimi wa 1.00 kwa kila moja. Hizo ndimi mbili ndio miguu ya daraja lako. Zile zingine zilizobaki ndio za kupimia. Daraja likikaa, chuma kiko milimita moja juu ya bloki, na pistoni iko mahali fulani chini yake. Pitisha fila kati ya chuma na kichwa cha pistoni mpaka upate ile inapita kwa kukwaruza kidogo, si ya kulazimisha. Tuseme imepita 0.15 na 0.04 zikiwa pamoja, hiyo ni 0.19. Toa kwa 1.00 unabaki na 0.81. Ndio pistoni imetokeza.

Kabla ya kuamini hata namba moja, fanya hii: daraja likiwa juu ya bloki mahali hakuna pistoni, pitisha ile ulimi ingine ya 1.00 kama unayo, ama 0.50 mbili pamoja, chini ya chuma katikati. Lazima ipite kwa ule ule mkwaruzo. Kama haipiti ama inapita ikicheza, chuma chako kimepinda ama kuna uchafu. Futa bloki kwa kitambaa chenye petroli, pitisha kiganja juu yake, kiganja kinasikia chembe ambayo jicho halioni.

KijanaWaGrogan:
Mzee hapo umemaliza. Shimu za valvu za Toyota je, zile za duara juu ya bakuli? Zimepigwa namba kwa mgongo, 2.70, 2.75, zinapanda kwa 0.05. Si mtu anaweza kutumia mbili za namba moja kama miguu?

TanaMstaafu:
Zinaweza, chuma chake ni kigumu na zimesagwa vizuri, lakini zipime kwanza kwa maikromita juu zilizotumika zinaliwa na kamu. Shida ingine ni kwamba daraja linakuwa juu sana. 2.70 toa 0.81 unabaki na pengo la 1.89, hapo utarundika ndimi tatu nne za fila na kati ya kila ulimi kuna mafuta na hewa. Kila ulimi unaongeza uwongo wake. Mguu mzuri ni ule unapita urefu wa pistoni kidogo tu.

Hata zile sindano za ndani ya beringi ya krosi ya propela ni nzuri, zinalingana sana. Ila shida ni ile ile, ziko nene.

Kaka_Embakasi:
Mi natumiaga kadi ya ATM. Sina matata. Kadi iko 0.76 haibadiliki dunia nzima 😂

FundiWaKario:
@Kaka_Embakasi 0.76 ni kweli ndio kipimo chake, lakini hicho kipimo kinaruhusiwa kupanda na kushuka 0.08. Umeona shida? Ile tofauti ya kadi moja na ingine inaweza kupita herufi nzima ya gasketi. Na plastiki inabonyea ukiiwekea chuma juu. Alafu hiyo 0.76 inaweza kuwa fupi kuliko pistoni zenyewe, daraja lako litakuwa limekalia pistoni badala ya bloki. Kadi peleka benki.

Kaka_Embakasi:
Haya basi, huku nje hamtaki mtu aokoe pesa.

HesabuZaInjini:
Niko chuo, mwaka wa tatu wa mitambo, wacha niongeze kitu moja ambayo nadhani inaharibia watu kuliko hata kifaa. Ile juu kabisa ya pistoni. Watu wanazungusha kranki wakiangalia kwa macho, pistoni ikionekana imesimama wanasema imefika.

3L iko na stroki ya 96 mm kwa hivyo mkono wa kranki ni 48. Nikipiga hesabu, na nikichukulia konrodi ya urefu wa kawaida, ukikosa kilele kwa digrii 1 pistoni imeshuka karibu 0.01 mm, hiyo haina neno. Digrii 3 imeshuka karibu 0.09. Digrii 5 karibu 0.24. Kwa hivyo digrii 3 tu inatosha kukubebea D ukaiona B. Na digrii 3 kwa macho huwezi kuona, puli haijasogea hata upana wa kidole.

Dawa ni kutumia hilo daraja lenyewe kutafuta kilele. Weka ulimi wa fila ambao unapita kwa shida, zungusha kranki polepole na spana kwa bolti ya puli, mtu mwingine akisukuma na kurudisha ulimi. Utasikia inakaza, inakaza, alafu inaanza kulegea. Penye imekaza zaidi ndio kilele, hapo pima. Na ukipitiliza usirudi nyuma kidogo tu, rudi sana alafu uje tena kwa ule upande ulikuwa unatoka, juu beringi za konrodi ziko na nafasi na ukirudi nyuma unaiweka pistoni upande mwingine wa hiyo nafasi.

TanaMstaafu:
Umesema kweli kijana wa chuo. Ongeza: pistoni inabembea juu ya pini. Ukipima upande wa inteki ama wa ekizosti utapata mbili tofauti, na zote za uwongo. Pini inalala sambamba na kranki, kwa hivyo pima penye mstari wa pini unapita, yaani upande wa mbele wa pistoni, wa radieta, na upande wa nyuma, wa giaboksi. Chuma chako kilaze kikatize upana wa bloki, kwanza karibu na ukingo wa mbele wa silinda, pima katikati ya chuma, alafu kisogeze ukingo wa nyuma. Kila pistoni namba mbili. Zikitofautiana sana hizo mbili za pistoni moja kuna jambo, rudia.

Na kaboni! Kwangua kichwa cha pistoni mpaka uone aluminiamu, kwa mbao ama plastiki ngumu, usitumie tindo. Kaboni ya shaki ambayo imepiga Rongai miaka inaweza kuwa nene kuliko hiyo herufi tunayoitafuta.

JuaKali_Kamukunji:
Salamu zenu, mimi niko na njia ya bolti kwa yule ambaye fila geji zake zimeliwa. Chukua chuma nene cha bapa, toboa katikati, piga tapu ya M6. Bolti ya M6 ya kawaida uzi wake ni milimita moja kamili, yaani ukiizungusha mzunguko mmoja inashuka 1.00 mm. Ncha ya bolti isage kwa jiwe la mafuta iwe duara laini. Kwa kichwa cha bolti gandisha duara la karatasi ngumu, ligawanye mara 20, kila mstari ni 0.05. Ukitaka nusu ya mstari unaiona kwa jicho.

Kwanza weka chuma juu ya bloki tupu na miguu yake, shusha bolti mpaka ishike kipande cha karatasi ya sigara, kile karatasi kikikataa kuvutika simama, andika bolti iko mstari gani. Hamia juu ya pistoni, pandisha bolti kwanza, shusha tena na karatasi ile ile mpaka ishike. Tofauti ya mistari ndio kutokeza. Unene wa karatasi haukuhusu, umekatika kwa hesabu juu ulikuwepo mara zote mbili. Ila kila mara maliza ukishuka, usimalize ukipandisha, uzi wa bolti unacheza. Mimi hufunga raba ya tyubu juu iivute bolti upande mmoja.

M8 usitumie, uzi wake ni 1.25 na hesabu itakuchosha.

MwenyeGolf:
Hii ya bolti nimeipenda. Na si Toyota peke yake, hata TDI za 1.9 za Volkswagen ziko hivyo ila wao wanatoboa matundu kwa gasketi. Tundu moja ni pistoni ya 0.91 mpaka 1.00, mawili 1.01 mpaka 1.10, matatu 1.11 mpaka 1.20. Kwa hivyo ukitoa gasketi ya zamani usiitupe kabla hujahesabu matundu.

Biashara_Ni_Biashara:
Nyinyi watu mnapenda kujitesa. Si apeleke bloki kwa wale wenye dayo geji apimiwe, dakika kumi, analipa kitu kidogo anaenda. Mambo ya karatasi ya sigara kwa injini ya matatu inayobeba watu kumi na nne ni mzaha.

ShakiYaRongai:
@Biashara_Ni_Biashara hao wenye dayo geji ndio walipiga fesi na hawakuandika popote wametoa kiasi gani. Bloki ikiwa tupu huwezi pima kitu, lazima kranki na pistoni ziwe ndani, na mimi sitabeba injini imefungwa nusu kwa mkokoteni kutoka huku mpaka kule na kurudi.

FundiWaKario:
Na mimi niseme tu, dayo geji ninayo, nimeitumia miaka, lakini dayo geji kwa stendi ya sumaku iliyolegea ni mbaya kuliko fila geji kwa daraja nzuri. Geji inakusomea mpaka 0.01 kwa uzuri kabisa huku stendi yote inayumba 0.05. Mtu anaona mshale anadhani ni Biblia. Kitu chochote ukirudia mara ya pili na ya tatu ikakupa namba ile ile, na ukiipeleka kwa uso wa bloki inakupa sifuri, hicho ni kifaa. Kisipofanya hivyo ni pambo hata kama kimetoka Japani.

Kwa kazi ya herufi tatu zenye hatua ya 0.10 unahitaji uhakika wa 0.02 hivi. Fila geji inafika hapo.

ShakiYaRongai:
Wakuu nimerudi. Kisu cha randa nimepata Gikomba, kiko na pengo la kuvunjika mwisho mmoja lakini ukingo wa mgongo umenyooka sawa, nimekicheki kwa kioo. Fila mbili nimenunua, miguu ya 1.00. Nimepima mbele na nyuma kila moja na kurudia kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi:

Pistoni ya 1: 0.80 mbele, 0.81 nyuma
Pistoni ya 2: 0.82, 0.82
Pistoni ya 3: 0.53, 0.55
Pistoni ya 4: 0.81, 0.80

Ya tatu nimekwangua tena, nimetafuta kilele tena kwa ile njia ya kukaza, inarudi pale pale. Fundi wangu anasema ni pistoni ya zamani tu imechoka. Sasa nichague D kwa sababu ya 0.82 ama?

TanaMstaafu:
Simama hapo hapo. Usinunue gasketi bado. Pistoni haichoki ikawa fupi kwa robo ya milimita.

Hii gari imewahi kumeza maji?

ShakiYaRongai:
Ilizima kwa mafuriko ya Aprili 2024, dereva alijaribu kupita maji ya Mombasa Road ikazima katikati. Ilivutwa, wakatoa maji wakabadilisha oili na ikawaka. Imefanya kazi tangu hapo ila imekuwa ikitetemeka kidogo ikiwa sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), tukabadilisha mpaka nozo na maunting.

TanaMstaafu:
Basi umejijibu. Silinda ya tatu ilivuta maji, maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda inakutana nayo na kitu kinachokubali ni konrodi. Haikuvunjika, ilipinda kidogo. Konrodi iliyopinda ni fupi, ndio pistoni yako haifiki kwa wenzake. Nozo zako hazikuwa na kosa.

HesabuZaInjini:
Nimepiga hesabu haraka. 3L ni 96 kwa 96, silinda moja ni karibu sisi (cc) 695, na kompresheni yake, yaani inabana hewa mara ngapi, ni 22.2. Kwa hivyo nafasi ya juu inayobaki ni karibu sisi 33 tu. Pistoni ikishuka 0.27 unaongeza karibu sisi 2 kwa hiyo nafasi, kompresheni ya hiyo silinda inaanguka mpaka 21 hivi. Zile tatu ziko 22 na hii iko 21, lazima itetemeke ikiwa sailensa. Na kwa njia hiyo hiyo herufi moja ya gasketi, ile 0.10, ni karibu nusu pointi ya kompresheni. Ndio maana ile ya "weka F ulale" inaumiza asubuhi, na Nairobi tuko juu mita 1,700 na kitu, hewa tayari ni nyepesi.

Mzee_Kimya:
Sawa nimesikia.

FundiWaKario:
Boss toa hiyo konrodi ya tatu na moja nzuri, ya pili tuseme. Bila mashini ya kupima konrodi fanya hivi: zilaze konrodi zote mbili juu ya kioo kinene upande kwa upande, angalia kama zote zinakaa chini sawa bila kubembea. Ile imejipinda itakaa kwa pembe. Alafu pitisha pini moja kwa matundu madogo ya zote mbili kwa pamoja, uangalie kama matundu makubwa yanalingana ukipapasa kwa ukucha. Robo ya milimita ukucha unaisikia vizuri sana. Angalia pia ukuta wa silinda ya tatu juu kabisa, konrodi iliyopinda huacha alama ya kung'aa upande mmoja.

Usikubali mtu akunyooshee kwa presi. Itanyooka, alafu itavunjika ukiwa Ongata na abiria. Tafuta konrodi ya 3L nyingine, na ulinganishe uzito na zile zako kwa mizani ya duka.

MamaGari:
Samahani nawaingilia, mimi nina Probox ya petroli na fundi ameniambia ameskimu hedi (ameisaga uso) na eti valvu zinaweza kugonga pistoni. Hii njia ya daraja inanisaidia?

JuaKali_Kamukunji:
Mama hiyo ya petroli mara nyingi pistoni haitokezi kama dizeli, kwa hivyo daraja si jibu la swali lako. Mwambie fundi aweke plastisini, ile ya watoto wa shule, juu ya pistoni penye vidimbwi vya valvu, apake mafuta kidogo isigande, afunge hedi na gasketi ya zamani, afunge chaini kwa taimingi yake sawa, azungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili polepole. Ikikataa kuzunguka asilazimishe. Akifungua akate plastisini kwa wembe katikati ya alama ya valvu apime penye imebaki nyembamba zaidi. Hiyo ndio nafasi yako.

KijanaWaGrogan:
Na dizeli mtu anaweza kuhakikisha kazi ya gasketi kwa waya wa lehemu, ule laini wa mafundi redio. Vipande viwili juu ya pistoni kwa mstari wa pini, mbele na nyuma, shikilia na grisi, funga hedi na gasketi ya zamani kwa toki yake (nguvu ya kukazia bolti), zungusha, fungua, pima waya umebonyezwa ukabaki kiasi gani. Hiyo inakupa nafasi yenyewe kati ya pistoni na hedi, bloki na gasketi na kila kitu kikiwa ndani ya hesabu.

ShakiYaRongai:
Leo imeisha. Konrodi ya tatu ilikuwa imepinda kweli, kwa kioo ilikuwa inabembea ka-tak ka-tak ukiigusa. Nimepata ingine Kariobangi kwa mtu anabomoa injini za 3L, uzito uko karibu sana na zangu. Namba mpya za ya tatu ni 0.81 na 0.83. Iliyo juu kuliko zote sasa ni 0.83. Nimechukua D.

Muuza spea aliponiuliza nimepima na nini nikamwonyesha kisu cha randa, akacheka, alafu akaniuliza nilikinunua kwa nani.

FundiWaKario:
D ni sawa kabisa. Kabla hujafunga hedi safisha matundu ya bolti kwa bloki, ukiacha maji ama mafuta ndani bolti itasoma toki na haijafika, na bloki inaweza kupasuka. Kaza kwa awamu kuanzia katikati kwenda nje, na shimu za valvu uzipime upya baada ya hapo kwani hedi imetolewa.

Kaka_Embakasi:
Huyo mtu wa kisu cha randa Gikomba ako upande gani?

ShakiYaRongai:
Penye wanauza vyuma, ukitoka upande wa nguo. Uliza randa, usiulize geji, ukiuliza geji bei inapanda.